Boga Kubwa Moja au Maboga ya Kula? Mwongozo kwa Anayeanza Kilimo cha Maboga



Katika sharika nyingi za miteremko ya Mlima Meru, msimu wa mavuno ukifika washarika huleta mazao yao kanisani, na baada ya ibada hufanyika mnada. Kuna mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, mayai na kuku waliofungwa miguu. Likiwepo boga kubwa, watu hulizunguka. Vijana hujaribu kulinyanyua, wazee huuliza limelimwa wapi, na bei hupanda kwa utani na kicheko.

Ndiyo maana vikundi vinavyoanza bustani za mboga huuliza maswali mawili. La kwanza: boga la namna hiyo hulimwaje? La pili huulizwa zaidi na wajumbe wa kamati: je, kuna faida kupoteza maji, samadi na muda kwa boga moja, wakati kuna kaya zinazohitaji mboga kila siku?

Makala hii inajibu maswali yote mawili. Kwa kifupi, boga kubwa ni shule nzuri na ya gharama nafuu kwa mkulima anayeanza, kwa sababu kila kazi anayofanya huonekana kwenye tunda. Lakini shule haiwezi kuchukua nafasi ya jiko. Bustani yenye miche 10 ya maboga inatosha kuwa na mche mmoja wa shule. Iliyobaki iwe ya chakula.

Boga ni zao gani?

Maboga asili yake ni bara la Amerika. Yalifika Afrika baada ya safari za Wareno na yamezoeleka kwetu kiasi kwamba wengi hudhani ni ya asili ya hapa. Katika masoko ya Tengeru na Kilombero utakuta maboga ya rangi na maumbo mbalimbali, lakini mengi ni ya jamii mbili.

Jamii ya kwanza kitaalamu huitwa *Cucurbita maxima*. Kikonyo chake ni cha mviringo, kinene na laini kama kizibo cha chupa, na majani yake ni ya duara. Jamii ya pili ni *Cucurbita moschata*. Kikonyo chake ni kigumu, kina pembe tano na hutanuka pale kinaposhikana na tunda; majani yake mara nyingi yana mabaka meupe. Maboga makubwa sana ya mashindano yote hutoka jamii ya kwanza. Jamii ya pili huvumilia joto vizuri zaidi, kwa hiyo huwafaa walio tambarare za chini kama Mbuguni.

Mmea huu hutupa vyakula vitatu. Nyama ya boga la rangi ya machungwa ina viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuimarisha kinga ya watoto. Majani machanga ni mboga. Mbegu zikikaangwa ni chakula chenye mafuta mengi, na karibu theluthi ya uzito wa kiini chake ni protini. Mama anayetupa mbegu anatupa sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Rekodi za dunia zinatufundisha nini?

Mwaka 1904, katika maonyesho ya St. Louis nchini Marekani, boga la mkulima William Warnock kutoka Canada lilikuwa na kilo 183. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 70. Kisha mkulima mwingine wa Canada, Howard Dill wa Nova Scotia, alitumia miaka mingi kuchagua mbegu za maboga yake makubwa, akapata aina inayoitwa Atlantic Giant. Mwaka 1981 boga lake lilifikia takriban kilo 224. Mwaka 2012 Marekani lilipatikana boga la kilo 911. Tarehe 4 Oktoba 2025 ndugu wawili mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipima boga la kilo 1,278.8. Huo ni uzito wa gari dogo.

Ongezeko hilo lilitokana na mambo mawili: kuchagua mbegu kwa uvumilivu mwaka hadi mwaka, na kuupa mche mmoja kila kitu unachohitaji huku ukibakiziwa tunda moja tu. Boga la namna hiyo, likiwa katika kasi ya kukua, huweza kuongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku moja.

Tusijidanganye kwamba tutafika huko. Kule Uingereza mwezi Juni jua huwaka zaidi ya saa 16 kwa siku, nasi Arusha, karibu na mstari wa Ikweta, tuna saa 12 hivi mwaka mzima. Majani hutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua, hivyo saa chache humaanisha tunda dogo. Kwa mbegu zetu, boga la kilo 20 au 30 ni lengo la busara kwa anayeanza. Ikumbukwe pia kwamba maboga ya mashindano huwa na maji mengi na ladha hafifu. Ni ya kutazamwa kuliko kuliwa.

Kanuni moja: mche una mfuko mmoja

Chakula chote cha mmea hutengenezwa kwenye majani na kugawanywa kwa matunda, maua, mizizi na machipukizi. Ukiacha matunda sita, mfuko hugawanywa mara sita. Ukiacha moja, linapata karibu chote. Ukichuma majani kila wiki kwa ajili ya mboga, unatoa fedha mfukoni kabla tunda halijalipwa.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Wanataka majani, maboga mengi na boga kubwa kutoka kwenye mche uleule. Mwishowe majani ni machache, na maboga ni madogo yasiyokomaa. Njia sahihi ni kugawa kazi: mche wa mboga, mche wa maboga ya kula, na mche wa boga kubwa.

Mahali na wakati

Boga linataka jua. Katika vihamba vyetu mibanana na kahawa hutoa kivuli kizuri kwa binadamu, lakini chini yake mche wa boga hutoa majani mengi na matunda machache. Chagua ukingo wa kihamba au mahali palipo wazi. Udongo wetu wa asili ya volkano ni mzuri, lakini ukilimwa mwaka hadi mwaka bila samadi huchoka.

Kwa maboga ya kula yanayotegemea mvua, panda mwanzoni mwa masika, katikati ya Machi, ama mwanzoni mwa vuli. Mahindi na maboga hupatana vizuri, kwa kuwa majani ya boga hufunika ardhi na kupunguza magugu. Tatizo la masika ni kwamba maua yakichanua wakati wa mvua kubwa nyuki hawatoki, na ukungu hushamiri. Kwa hiyo mwenye maji ya mfereji au kisima anaweza kupanda mche wa boga kubwa katikati ya Agosti, baridi ikianza kuisha. Maua yatakuja mwezi wa Oktoba kukiwa na jua, na vuli ikinyesha itasaidia kulikuza tunda. Walio juu karibu na msitu wategemee ukuaji wa polepole kwa sababu ya baridi na mawingu. Walio upande wa Oldonyo Sambu, ambako mvua ni haba, waweke matandazo mazito na kuchagua maboga madogo yanayowahi kukomaa.

Hatua za kufuata

1. *Shimo.* Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 60. Changanya udongo wa juu na ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri, rudisha shimoni, mwagilia na uache wiki mbili. Samadi mbichi huunguza mizizi.

2. *Nafasi.* Mche wa mboga unahitaji mita 1 kutoka kwa mwenzake. Mche wa maboga ya kula unahitaji mita 2 hadi 3. Mche wa boga kubwa upewe eneo la mita 6 kwa 6 peke yake.

3. *Kupanda.* Weka mbegu mbili au tatu kwa shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3. Zitaota baada ya siku 5 hadi 8, au zaidi kukiwa na baridi. Miche ikiwa na majani halisi mawili, acha wenye nguvu na ung'oe mingine.

4. *Shina na pingili.* Kwa mche wa boga kubwa, elekeza shina kuu upande mmoja. Kila pingili inayogusa ardhi ifukiwe kwa udongo kidogo. Itatoa mizizi mipya na kuulisha mche. Machipukizi ya pembeni yakifika mita 2 yakatwe ncha.

5. *Maji.* Mwagilia asubuhi, kwenye mizizi na si juu ya majani. Maji yasiyo na mpangilio, leo mengi na wiki nzima hakuna, ndiyo yanayopasua maboga. Weka matandazo ya majani makavu ya migomba.

6. *Mbolea.* Ongeza samadi au mboji mche unapoanza kutambaa na tena tunda linaposhika. Mbolea ya kukuzia kama urea ikizidi, utapata majani ya kupendeza bila maboga.

Penda na ua lake

Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa mkulima methali hii ni ya kuchukuliwa jinsi ilivyo, kwa sababu mavuno huamuliwa na ua.

Mche wa boga una maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba na katikati lina kijiti chenye unga wa manjano, yaani chavua. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Maua dume hutangulia kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo usiogope ukiona maua ya kwanza yanaanguka bila tunda. Kila ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Nyuki wasipofika asubuhi hiyo, kiboga hunyauka na kuoza baada ya siku chache, na mkulima husingizia ugonjwa.

Unaweza kuifanya kazi ya nyuki mwenyewe. Saa moja asubuhi, chuma maua dume mawili au matatu yaliyofunguka, ondoa majani yake ya manjano, kisha paka chavua taratibu katikati ya ua jike. Ni kazi ya dakika moja, na watoto wa kipaimara huifurahia na kuikumbuka kuliko somo la ubaoni.

Kwa mche wa boga kubwa, ondoa matunda yaliyo karibu sana na shina la kwanza. Acha mawili au matatu yaliyo mita 3 hivi kutoka kwenye mzizi. Yakifika ukubwa wa mpira wa miguu, bakiza lile linalokua haraka zaidi. Liweke juu ya mchanga au mbao ili kitako kisioze, na likinge jua kali kwa majani ya migomba. Lipime mzunguko kila Jumamosi kwa futi ya fundi cherehani na kuandika kwenye daftari. Mkulima aliyejifunza kuandika vipimo vya boga ataandika pia vya maziwa na mayai.

Wadudu na magonjwa

Inzi wa matunda hutoboa viboga vichanga na kutaga mayai. Funga kiboga kwa gazeti au kitambaa chepesi baada ya uchavushaji, na yaliyooza yazikwe kwa kina. Vidukari hueneza virusi vinavyosababisha batobato; mche uliokunjamana na kuwa na mabaka ya manjano ung'olewe mapema. Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe juu ya majani. Punguza msongamano na uondoe majani yaliyoathirika. Kwa walio jirani na msitu, nungu ni adui mkubwa wa boga linaloiva, na uzio wa miiba husaidia.

Ukilazimika kupulizia dawa, hata ya mwarobaini, pulizia jioni maua yakiwa yamefunga. Anayepulizia asubuhi anaua nyuki wake na wa jirani, kisha analalamika kwamba maboga hayashiki.

Angalizo moja la afya: boga likiwa chungu lisiliwe, hata kidogo. Uchungu huo ni sumu inayoweza kuleta kutapika na kuharisha, na kupika hakuiondoi.

Kuvuna na kuhifadhi

Boga limekomaa kikonyo kikikauka na ganda likiwa gumu kiasi kwamba ukucha hauingii. Kata kwa kisu ukiacha kikonyo cha sentimita 5 au zaidi, na usilibebe kwa kikonyo. Lianike mahali pakavu penye jua kwa siku 7 hadi 10, kisha yapange maboga juu ya mbao yasigusane. Boga la kawaida lililokomaa hukaa miezi miwili hadi minne bila umeme wala dawa. Boga la Julai linaweza kuliwa Oktoba, wakati mahindi ya wengi yanakaribia kwisha.

Boga kubwa halina sifa hiyo. Likikatwa lazima liliwe ndani ya siku chache, au likatwe vipande vyembamba na kukaushwa. Ni chakula cha sherehe.

Mbegu: hapa tuwe waangalifu

Nyuki huchukua chavua kutoka shamba hadi shamba. Maboga ya jamii moja huchanganyika kwa urahisi. Mtu mmoja akipanda Atlantic Giant kijijini, mwakani mbegu walizotunza majirani zinaweza kutoa maboga makubwa yenye maji na yasiyo na ladha. Mbegu nzuri ya bibi, iliyochaguliwa kwa utamu na kudumu ghalani, inaweza kupotea kwa misimu michache.

Anayetaka kutunza mbegu safi afunge ua jike na maua dume kwa uzi jioni kabla hayajafunguka, achavushe kwa mkono asubuhi, alifunge tena ua jike, na kuweka alama ya kitambaa. Achukue mbegu kwenye maboga matano au zaidi kutoka miche tofauti, azioshe, azikaushe kivulini na kuzihifadhi kwenye chombo kikavu. Mbegu chotara za dukani zisirudiwe, kwa kuwa hazizai zinavyotarajiwa.

Kwa ushauri wa kitaalamu tuna bahati ya jirani wazuri: kituo cha utafiti cha TARI Tengeru, na World Vegetable Center, iliyojulikana zamani kama AVRDC, ambayo ofisi yake ya hapa Arusha inatunza mbegu za mboga za Kiafrika. Aidha, tunawaomba marafiki zetu walio nje wasitume mbegu kwenye bahasha, hata kwa nia njema. Kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka inayohusika, TPHPA, ina makao yake hapa hapa Ngaramtoni.

Mpango wa miche 10

Kwa kikundi au kaya inayoanza tunapendekeza hivi:

- Miche 3 ya majani. Chumeni ncha na majani machanga kila wiki, na ondoeni matunda.
- Miche 6 ya maboga ya kula, matunda 2 hadi 4 kwa mche. Mche mmoja au miwili kati ya hiyo itumike kwa mbegu.
- Mche 1 wa boga kubwa, wenye tunda moja, kwa ajili ya mafunzo na mnada.

Kabla ya kupanda mche huo wa kumi, pigeni hesabu ya maji. Ukipewa lita 40 kila baada ya siku mbili kwa siku 60 za kukuza tunda, jumla ni lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Penye mfereji wenye maji ya kutosha hilo si tatizo. Mahali ambapo mama hubeba ndoo kichwani, au ambapo zamu ya mfereji ni moja kwa wiki, ndoo hizo 60 zimetoka kwenye mchicha wa mtu. Katika hali hiyo mche wa boga kubwa uachwe hadi mvua, au usipandwe kabisa.

Neno kwa kamati na wafadhili

Picha ya boga kubwa ni nzuri kwenye taarifa, na kila mtu hupenda kupiga picha akiwa amelikumbatia. Lakini picha hiyo haisemi watoto walikula nini mwezi wa Oktoba. Tunaziomba kamati za maendeleo za sharika ziandike mambo manne kwa kila kikundi: ni kaya ngapi zilichuma majani kila wiki na kwa miezi mingapi; maboga mangapi yaliyokomaa yaliwekwa ghalani; ni ya mwisho kuliwa mwezi gani; na ni kaya ngapi zilitunza mbegu zao za msimu ujao. Boga kubwa liandikwe la tano.

Nanyi wafadhili wetu, mkija kututembelea, tutawaonyesha boga kubwa kwa furaha, maana wenyeji watapenda mlione. Baada ya hapo ombeni kuonyeshwa ghala na kopo la mbegu. Kama vyote viwili vina kitu ndani, basi msaada wenu umeota mizizi.